Karatasi Niliyoitia Sahihi Nimelala

Honey Fork, 11 Machi

Mama Mdogo Savilla mpendwa,

Nakuandikia hapa mezani jikoni. Rosanna amelala juu ya gunia tupu la unga karibu na jiko, mkono mmoja umeshika kiatu cha baba yake. Ametimiza miaka miwili na kila farasi anamwita babu. Natumaini wewe na Baba Mdogo Perry na wanao mko wazima huko Montana, na theluji imewapisha mtoke nje. Huku kwetu ni matope tu, magurudumu ya vigari yanazama nusu. Goti la mama linamuuma ila haachi kushona mifarishi yake ya viraka. Orva wangu yuko bado kwenye kile kiwanda cha nyumba za magurudumu. Ibada iliyopita ilikuwa kwa akina Hochstetler, supu ya maharage ilikuwa nzito mpaka kijiko kinasimama, na Askofu Wayne alihubiri mpaka watoto wote wakalala, na wanaume kadhaa.

Sasa jambo lenyewe. Nina mimba ya miezi mitano. Mama alisema nisikuandikie mapema, sijui kwa nini.

Bi Corinne, yule mkunga wa watu wa nje anayezalisha wanawake wetu wengi, aliona tumbo langu ni dogo. Akanituma kliniki mjini wapige picha ya ndani. Binti wa mashine alikuwa ananisimulia habari za mbwa wake, halafu akanyamaza katikati ya mbwa. Akatoka, akarudi na Daktari Hollis. Daktari akasema mtoto ni msichana na hana figo. Hata moja. Kwa hiyo maji ya kuogelea hana, na bila maji mapafu hayakui. Akasema, "Hali hii haiendani na uhai." Nikamuuliza Orva kwa Kijerumani chetu, amesema nini? Orva akasema, "Amesema atakufa."

Daktari akauliza kama tunataka mimba itolewe. Orva akasema hapana, daktari akaandika, akaondoka. Hapo nesi akaingia mbiombio na karatasi, mimi bado nimelala, ile jeli ya baridi bado iko tumboni. "Hii sheria ya jimbo inatutaka tukupe," akasema. "Kila kitu kimo humu. Weka sahihi hapa, na hapa." Nikaweka. Unajua sisi Waamishi tulivyolelewa, ukiwa kwenye ofisi ya watu husumbui. Palikuwa na swali kuhusu watu wa tiba shufaa, nawataka au siwataki. Nikawakumbuka wale waliokuja kwa Babu Eli wiki yake ya mwisho, na chupa zao na sauti zao za chini. Nikasema siwataki, wangu anapiga mateke. Nesi akatia alama. Ilichukua dakika mbili, Mama Mdogo. Kumfunga farasi kwenye kigari kunachukua zaidi.

Mimi bado nina tumaini. Mashine hukosea, hata ile ya kukamulia ya Orva hukosea.

Ila nina swali. Nilipomwambia mama alikaa kwenye ngazi akasema, "Kama Savilla." Basi. Nikamfuata mpaka kwenye banda la kuku, akaendelea kuokota mayai. Kama Savilla nini? Najua lile jiwe dogo kule makaburini lenye majina yenu wawili. Kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Tafadhali niambie.

Mwanao,
Lorene

*

Bonde la Ruthven, Montana, 2 Aprili

Lorene mwanangu,

Barua yako ilifika, nashukuru. Sisi tu wazima isipokuwa Marvin, ameanguka kutoka kwenye dari la ghala akavunja kidole, kile kile cha mwaka jana. Nimemwambia akivunje tena tukikate tukiweke kwenye mtungi. Mbuzi wamezaa kumi na mmoja. Theluji ingali madirishani. Baba Mdogo Perry anakusalimu, anajenga jiko jipya kwa jirani, na kwa langu hana nafasi tangu tulipohamia hapa.

Nasikitika kwa habari zako. Kula maini, na usinyanyue ndoo. Bibi Katherine wa hapa aliambiwa mtoto wake atazaliwa na hitilafu, akazaliwa mzima na sasa anapiga dada zake.

Nimekuwekea maelekezo ya achari ya matango niliyokuahidi. Usizidishe siki kama mama yako.

Na sikiliza, usiweke sahihi kwenye karatasi hujaisoma. Hata kama umelala. Hasa kama umelala.

Theluji ikiyeyuka nitaandika zaidi.

Savilla

*

Honey Fork, 19 Aprili

Mama Mdogo mpendwa,

Salamu kwenu wote na pole kwa kidole cha Marvin. Rosanna ameota magego na anatuuma. Mama hajambo. Nyanya za kusia zimeota dirishani, Orva ameshalima bustani.

Asante kwa achari. Ni achari nzuri. Sikuuliza achari.

Nisamehe, nimechoka. Ngoja nikueleze wiki yangu. Nilifanya ulivyosema, nikaisoma ile karatasi. Ina mistari minne. Inasema kuna tiba shufaa kwa watoto wasiotarajiwa kuishi, tangu kabla ya kuzaliwa. Inasema sheria inaitaka kliniki ikuambie. Inasema kwa maelezo na orodha ya wanaotoa huduma, piga alama hii picha kwa simu yako. Chini yake kuna kiraba cha madoadoa meusi na meupe, kama kipande cha mfarishi kilichokosewa. Basi, ndiyo karatasi yote hiyo. Simu yangu iko kwenye kibanda cha mbao mwisho wa njia, tunaichangia nyumba tatu, na imepigiliwa ukutani. Nifanyeje, nibebe ukuta?

Nikaenda kibandani nikapiga kliniki. Bonyeza moja, bonyeza nne, muziki. Rosanna akacheza muziki wote. Mwishowe mwanamke akapokea.

"Naona sahihi yako hapa, mpenzi. Umeshaarifiwa."

"Nimearifiwa nini?"

"Kuhusu huduma. Na umeikataa."

"Nilikataa nini hasa?"

"Huduma uliyoarifiwa."

"Hakuna mtu aliyeniambia ni huduma gani. Nilidhani ni wale wa wazee."

"Mpenzi, imeandikwa hapa kwamba uliambiwa."

"Nani ameandika?"

"Wewe."

Halafu mzee Yoder akagonga mlango, anataka kuagiza chakula cha ng'ombe, ikabidi nimpishe.

Orva akaichukua karatasi kiwandani, kuna mtu wa nje aitwaye Dwight anayefunga madirisha pamoja naye. Dwight akakipiga picha kile kiraba wakati wa mapumziko, wanaume saba wamemzunguka na mikate yao. Simu ikafunguka ikasema ukurasa huu umehamishwa. Orva akauliza, umehamia wapi? Dwight akasema haisemi. Akajaribu tena na tena, yule mtu ana moyo mzuri, mpaka kengele ikalia. Orva aliporudi aliiweka karatasi juu ya meza akaenda kupasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Nilimuuliza Bi Corinne. Amekuwa mkunga miaka thelathini na alitazama dirishani kama mtoto wa shule. Akasema mtoto wa namna hii haruhusiwi kumzalisha nyumbani, atapoteza leseni, na yaliyobaki ni ya kliniki kunieleza maana ndiyo iliyopima. Akasema, "Muulize mtu aliyepitia." Nikasema, namuuliza, ananijibu habari za mbuzi.

Mtoto yuko. Nikila tufaha anageuka.

Lorene

*

Honey Fork, 20 Mei

Mama Mdogo,

Mwezi mzima. Hata habari za achari sijapata.

Wiki iliyopita Daktari Hollis alisema nitazalia hospitali kubwa ya mjini. Akizaliwa watamchukua kwenye chumba kingine, wamtie mipira ya kupumulia kooni, na kama kuna nafasi watamrusha kwa helikopta hadi hospitali ya watoto, saa mbili kwa gari. Mimi nitabaki kitandani. Nikauliza, atapona huko? Akasema hapana. Basi kwa nini arushwe? Akasema ndivyo inavyofanyika kama hakuna mpango mwingine kwenye faili. Nikauliza mpango mwingine ni upi. Akatazama faili akasema, "Hapa inaonyesha uliarifiwa."

Mama Mdogo, sijui kama amebakiwa na saa moja au nusu. Sitaki aimalizie angani na watu wa kofia za chuma. Nataka aimalizie mikononi mwangu na sijui ni nani nimwombe, wala niombe kwa maneno gani. Hilo tu. Kama unayajua maneno, nipe.

L.

*

Bonde la Ruthven, 3 Juni

Lorene mwanangu,

Hatujambo. Leo sina habari nyingine za kutanguliza. Perry amewachukua watoto kwenda kupanda viazi na nimefunga mlango.

Barua zako zote nilizipata. Niliandika majibu matatu nikayatia jikoni motoni. Usimlaumu mama yako, mimi ndiye niliyemwambia asiseme.

Miaka kumi na saba iliyopita, kabla ya Marvin, nilizaa msichana katika hospitali hiyo hiyo ya mjini. Hakuwa na figo. Sisi hatukujua mpaka siku ile, wakati ule hatukupigwa picha za tumbo. Alilia. Mara moja, sauti ndogo kama bawaba. Wakamfunga kitambaa wakakimbia naye. Nilisema nipeni, nadhani nilisema kwa Kijerumani. Perry alisimama ukutani na kofia mkononi kwa sababu nesi alimwambia asimame ukutani. Saa tatu baadaye walirudi na kiboksi kilichofungwa kwa utepe, wakasema ni afadhali tusifungue. Tukatii. Unasema unajua tulivyolelewa. Nilipanda gari la kukodi na kile kiboksi mapajani, kilomita sitini, sikufungua. Sijawahi kuuona uso wake, Lorene. Na sisi hatupigi picha, kwa hiyo hakuna popote duniani ulipo.

Jiwe linasema Binti wa Perry na Savilla. Mimi nilimpa jina. Anaitwa Leanna. Perry halijui. Sasa unalijua wewe.

Jambo la pili. Nesi mmoja wa usiku ule, Dolores, hakunisahau. Miaka tisa baadaye alikuja shambani. Akasema kuna sheria inajadiliwa kwenye makao makuu ya jimbo, ya kuwalazimisha madaktari wawaambie akina mama kwamba iko njia nyingine, na wanataka mama aje aseme. Nilimwuliza askofu wa wakati ule. Akasema sisi hatuendi kwa serikali kuomba sheria. Sikwenda. Ila niliandika barua, kurasa mbili, bila jina, na Dolores akaisoma mbele yao. Niliandika hivi: mwambieni. Mwambieni kwa mdomo, mkiwa mmekaa, yeye akiwa amevaa nguo zake. Mwulizeni kama ameelewa, kisha mwambieni tena kesho.

Sheria ikapita. Wakaandika kwamba apewe maelezo. Nami nilifurahi, mjinga mimi. Nilikuwa nafua shuka nikifikiri, sasa hakuna atakayebeba boksi la utepe. Halafu kanisani ikajulikana barua ni ya nani, pakawa na maneno, Perry akachoka na maneno. Ndiyo maana tuko Montana. Haikuwa kwa ajili ya ardhi rahisi.

Na sasa wewe, mtoto wa dada yangu, unaniandikia kwamba ile sheria imekufikia kama kiraba cha madoadoa. Niliposoma hapo nilivunja sahani. Sikuidondosha, niliivunja. Ndiyo hasira iliyonizuia kuandika, na aibu pia.

Basi sikiliza, haya ndiyo maneno. Mengine alinifundisha Dolores, mengine nimeyalipia.

Wale watu wa tiba shufaa si watu wa kumkatia mtoto tamaa. Kazi yao ni kuhakikisha ile saa aliyonayo ni yake. Waambie umebadili mawazo, alama ya nesi si tendo la Mungu, inafutika. Sema asichukuliwe nje ya chumba, hata kupimwa uzito, walete mizani kwako. Sema hakuna mpira wala sindano wala helikopta. Kuna dawa ya matone inayowekwa shavuni akihangaika kupumua, itaje, iwe tayari chumbani kabla hujaanza uchungu. Sema Orva asimame pale anapotaka yeye. Sema Corinne aingie nawe, hata kama haruhusiwi kufanya kitu, akushike mguu. Mama yako na mama yake Orva waingie. Rosanna pia, usimwache nje, atakuuliza ukubwani. Sema mtamwosha wenyewe na kumvika wenyewe, na mtamchukua nyumbani kwenye sanduku lenu. Watakupa mpiga picha, utakataa, sawa. Ila kubali wapake wino nyayo zake.

Iandike yote hiyo kwa mwandiko wako. Mpe daktari. Na mfanye aweke sahihi.

Mtazame usoni, Lorene. Mtazame mpaka umalize.

Savilla

*

Honey Fork, 21 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Stroberi zimeiva, mikono ya Rosanna haitoki wekundu. Barua yako nimeisoma mara nyingi hata imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Mengine nitakujibu baadaye, sina maneno yake bado. Kwanza nikueleze ya jana.

Niliandika kurasa mbili, mwandiko ule wa mwalimu Fannie, kila herufi imekaa. Chini nikapiga mistari miwili kwa rula. Connie akatupeleka na gari lake, unamkumbuka yule dereva anayetafuna mbegu za bizari, akasema safari hii hangoji kwenye gari, ataingia. Daktari Hollis alipokuja nikakataa kupanda kitandani. Nikakaa kwenye kiti, na kofia yangu ya kitambaa kichwani. Nikamwambia, "Kaa, tafadhali." Akakaa. Nadhani ilibidi kwanza atafute kiti kiko wapi.

Nikamsomea yote. Sauti ilitetemeka mpaka pale pa mizani, halafu ikaacha. Nilipomaliza nikauliza, "Umeelewa?"

Akasema ameelewa.

"Basi weka sahihi hapa. Kwamba umearifiwa."

"Siwezi kuweka sahihi kwenye karatasi ya mgonjwa, Lorene. Lazima ipite kwa watu wetu wa sheria."

"Mimi niliweka kwenye ya kwenu. Haikupita kwa mtu. Nilikuwa nimelala na jeli tumboni."

"Hiyo ilikuwa ni utaratibu tu."

"Na hii ni ya mtoto."

Akasema ana wagonjwa wengine wanangoja. Orva, ambaye tangu Machi hajasema maneno kumi ndani ya jengo lile, akasema, "Tutangoja nao." Akaivuta kofia yake, akakunja nne. Connie mlangoni akasema kwa sauti ya sokoni, "Mimi sina haraka, daktari, hawa nawatoza kwa siku nzima," ambayo si kweli.

Daktari akavua miwani. Akasema hakuiandika yeye ile karatasi, ililetwa na ofisi, na yeye mwenyewe hakuwahi kukifungua kile kiraba. Orva akamwambia ukurasa umehamishwa. Akauliza, umehamia wapi? Orva akasema haisemi.

Akaweka sahihi. Halafu sikiliza hili, maana lilinifanya nitake kupasua kuni mimi mwenyewe. Akanyanyua simu, akaongea kidogo, na baada ya dakika tano akaingia mama mmoja mwenye nywele za mvi na viatu vya mpira. Anaitwa Bi Pauline. Yeye ndiye tiba shufaa ya watoto. Ofisi yake iko chini ya ile ya daktari, ngazi kumi na nne, nilizihesabu nikishuka. Miezi mitatu na nusu, Mama Mdogo. Nimepita mbele ya mlango wake mara nne nikienda chooni.

Akasoma kurasa zangu akasema nani amekufundisha haya, hata sisi hatuna iliyoandikwa vizuri hivi. Nikasema mama yangu mdogo. Akauliza yuko wapi, ningependa kumshukuru. Nikasema Montana. Nikataka kumwambia ni nyinyi mliompeleka huko, lakini si yeye.

Mwanao,
Lorene

*

Honey Fork, 24 Julai

Mama Mdogo mpendwa,

Natumaini mko salama nyote. Mama ndiye anayepika kwetu, na wanawake wa kanisa wameleta tambi na pai mpaka tunawapa majirani. Orva amerudi kazini leo. Dwight alimkumbatia mbele ya watu, hakujua aweke mikono wapi.

Amezaliwa tarehe kumi na tano, Jumatatu, saa nne asubuhi. Anaitwa Ruth Ann. Sikuchukua jina ulilonipa. Hilo ni la mwenyewe, mimi nimelitunza tu.

Aliishi saa moja na dakika hamsini. Hakutoka chumbani. Nesi mmoja kijana alimshika kutaka kukimbia naye, ndivyo mikono yao ilivyozoea, na Bi Corinne, ambaye hakuruhusiwa kufanya kitu, akasimama mlangoni na mwili wake wote ule. Bi Pauline akampa nesi karatasi yangu asome. Akasoma, akamrudisha kifuani kwangu. Mizani ililetwa. Kilo mbili kasoro. Alipohangaika walimpa tone moja shavuni, na lingine, akatulia. Orva alisimama nyuma ya kichwa changu kwa sababu ndipo alipotaka. Rosanna alimgusa pua akasema "mtoto", akaomba biskuti.

Ulisema nimtazame mpaka nimalize. Nilimtazama. Sasa nakuandikia, maana hatupigi picha, na maana nadhani walifanana. Bi Pauline anasema watoto wasio na figo hufanana, kama ndugu.

Pua yake ilikuwa imelala kidogo, kama ameiegemeza kwenye kioo. Masikio yalikuwa chini kuliko ya wengine, makubwa, laini kabisa, ukiyakunja yanabaki. Chini ya kila jicho kulikuwa na mkunjo mmoja, kama wa mtu mzima aliyefikiri sana. Kidevu kidogo, kimerudi nyuma. Alikuwa na nywele. Macho alifungua mara mbili, la kulia kwanza. Hakuwa wa kutisha, Mama Mdogo. Yeyote aliyekwambia usifungue hakujua alichokuwa anasema. Ungemtambua. Alikuwa na uso wa watu wetu.

Tulimwosha, tukamvika gauni jeupe alilolishona mama. Nimejua sasa kwamba alishona mawili, mwaka ule wa mtoto wako. Sanduku alilitengeneza baba yake Orva kwa mbao za cheri. Nililibeba mapajani njia nzima, na nilikuwa nalifungua. Tumemlaza karibu na lile jiwe lenu.

Bado nina hasira, siwezi kukuficha. Wiki iliyopita Verna wa akina Lambright alirudi kutoka kliniki ile ile na karatasi ile ile, na kiraba kile kile. Dwight amejaribu. Ukurasa haujahamia popote. Kwa hiyo nimenakili zile kurasa zako mara tisa, na Bi Corinne anatembea nazo mkobani. Anawasomea akina mama kwa mdomo, wakiwa wamekaa. Askofu Wayne ameona moja. Aliisoma yote amesimama, akairudisha, akauliza kama tuna pai ya cheri iliyobaki. Nadhani hiyo ndiyo ruhusa.

Lorene

*

Bonde la Ruthven, 6 Agosti

Lorene mwanangu,

Nimemsomea Perry barua yako. Nimemwambia lile jina. Alitoka nje akakaa na mbuzi, na aliporudi alilitamka.

Tutakuja mwezi wa kumi, baada ya viazi.

Umesema alikuwa na nywele. Hukusema za rangi gani.

Savilla

*

Honey Fork, 13 Agosti

Mama Mdogo,

Nyeusi. Nyingi kuliko za Rosanna alipozaliwa. Zilipokuwa na maji zilionekana zimenyooka, lakini tulipomkausha zilijikunja juu ya sikio la kushoto, upande mmoja tu, kama za Baba Mdogo Perry anapovua kofia.

Lorene